Kurudi Uwanjani

Mji wa Kolwezi umejengwa mahali pa juu, zaidi ya meta 1,400 kupita usawa wa bahari, katika nchi ya shaba. Ukizunguka mji huo utaona vilima vingi, na mgeni hudhani ni vilima vya tangu zamani. Kumbe, vingi vilijengwa na watu. Ni udongo na mawe yaliyotolewa mashimoni, mwaka baada ya mwaka, tangu siku zile za kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilitwaa mali ya kampuni hiyo, na baadaye mgodi ukapata jina ambalo kila mtu wa Katanga analijua, yaani Gécamines.

Siku zile mtu akifanya kazi katika kampuni, watoto wake walisoma katika shule ya kampuni na kutibiwa katika hospitali ya kampuni. Unga wa bukari ulitolewa kwa mfuko. Wazee bado wanazisimulia siku hizo, na mara nyingine wanaongeza sukari kidogo katika masimulizi yao. Lakini mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, iliporomoka. Shaba ilipungua sana. Mishahara ilichelewa mwezi, halafu miezi, halafu zaidi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha ya kuagana nayo, wakaenda zao nyumbani. Fedha ile haikukaa. Basi watoto na wajukuu wa watu hao ndio walioonekana baadaye mitoni na kwenye vilima vya udongo, wakiokota mawe.

Mawe gani? Ni mawe meusi yenye kobalti. Zamani watu walitafuta shaba zaidi, wakaifuata kijani chake katika jiwe. Siku hizi kobalti inatafutwa sana, kwa sababu inatiwa katika betri za simu na za magari ya umeme, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Watu wazima huchimba. Watoto huokota, huchagua, huosha mtoni, na hubeba magunia mpaka kwa wanunuzi. Sheria ya Kongo inakataza mtoto asiyetimiza miaka 18 kufanya kazi hiyo. Hata hivyo, mwaka 2014 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto kama 40,000 walikuwa katika machimbo ya kusini ya nchi.

Habari hii ni ya mmoja wa watoto hao, na ya mpira.

Kijana huyo alikaa na mama yake, dada yake mdogo, na kambo yake, yaani babu mzaa mama. Kambo alikuwa mmoja wa wale wafanyakazi zaidi ya 10,000. Katika mwaka wa tatu wa shule kijana alikuwa hodari wa mpira kupita wote wa rika lake. Alikuwa mwepesi kama panya wa shambani, na kila mara aliwekwa mbele, karibu na lango la wapinzani. Mpira wenyewe ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, lakini magoli yalikuwa magoli. Mwaka 2016, alipokuwa na miaka 9, pesa ya shule ilikosekana. Wakati huo wazazi ndio waliowalipa walimu sehemu kubwa ya mshahara. Asiyelipa alirudishwa nyumbani asubuhi, mbele ya wenzake. Kijana alirudishwa mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu hakwenda nyumbani. Alifuata njia ya mtoni.

Alifanya kazi ya mawe miaka mitatu. Haifai kusimulia siku moja moja, kwa kuwa zote zilifanana. Asubuhi alichota mawe na udongo, akautikisa katika kichungi, akasimama ndani ya maji mpaka magotini. Adhuhuri alikula muhogo. Alasiri alibeba. Mnunuzi alitia gunia kwenye mzani wake mwenyewe, akataja bei yake mwenyewe, na mtoto hakuwa na neno la kujibu. Vumbi liliingia kifuani. Madaktari wanaonya kwamba vumbi la kobalti huharibu mapafu, lakini mtoni hapakuwa na daktari.

Jambo moja lilimshangaza mwenyewe. Katika miaka hiyo mitatu hakucheza mpira hata mara moja. Si kwamba alikatazwa. Mpira ulikuwapo, na wavulana wengine waliupiga jioni kando ya njia. Yeye alipita na mgongo wake unaouma, akaenda kulala.

Mwaka 2019, mwezi wa Septemba, habari mpya ilienea nchini kote. Shule za msingi za serikali, pamoja na za misioni zilizo chini ya mkataba na serikali, zingekuwa bila malipo. Neno hilo lilikwisha kuandikwa katika Katiba ya mwaka 2006, lakini maandishi yalikaa miaka 13 kabla ya kuwa kazi. Watoto walimiminika kama siafu. Katika madarasa mengine walihesabiwa mia na zaidi, wanne wanne katika benchi la watu wawili, na wengine chini. Mama alimshika kijana mkono, akampeleka. Mkubwa wa shule akamwuliza, “Uliishia wapi?” Akajibu, “Mwaka wa tatu.” Basi akatiwa katika mwaka wa nne, yeye mwenye miaka 12, kati ya watoto wa miaka 9. Magoti yake hayakuingia chini ya meza. Wenzake walimpa jina la Gunia, kwa sababu walijua ametoka wapi. Hawakusema kwa ubaya sana. Lakini jina la namna hiyo, hata likisemwa kwa kicheko, lina uzito wake.

Mwezi wa Oktoba mwalimu wa mwaka wa sita, ambaye aliangalia michezo, alitangaza kwamba atachagua kikosi cha shule. Wavulana wa mwaka wa nne, wa tano na wa sita waje Jumamosi asubuhi. Nafasi ni 15.

Mwalimu huyo alipenda sana kusimulia habari za timu ya TP Mazembe ya Lubumbashi, na siku ile alisimulia tena, ingawa wote walizijua kwa moyo. Timu hiyo ilianza mwaka 1939 katika shule. Mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, huko Élisabethville (ndio Lubumbashi ya leo), waliwaundia vijana wao wa skauti timu ya mpira, wakaiita Saint-Georges. Baadaye jina liligeuka mara kadhaa, na wachezaji wa nje wakaingia, hata mapadri wakaiacha. Lakini mbegu ilipandwa shuleni. Timu hiyo ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968, halafu 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliishinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya vilabu vya dunia. Fainali yenyewe ilishindwa na Inter ya Italia, mabao 3 kwa 0. Mwalimu alipofika hapo alipita haraka kidogo. Watoto walitaka habari za kipa Kidiaba, ambaye timu yake ikifunga alikaa chini na kuruka-ruka kwa matako uwanjani. Wadogo wote walijua kuruka vile. Nguo za shule zilipasuka kwa sababu hiyo, na mama wengi hawakumpenda Kidiaba.

Kijana alisikiliza, akarudi nyumbani bila kusema. Jumamosi ilikuwa siku yake ya mtoni. Tangu arudi shuleni hakwenda siku nyingine, ila Jumamosi moja moja. Pesa ya siku hiyo ilinunua mafuta, sabuni na daftari. Jioni ya Ijumaa alimwambia Kambo peke yake.

Kambo akauliza, “Wanachagua saa ngapi?”

“Saa mbili asubuhi, Kambo.”

“Basi ulale mapema. Mtoni maji yatakuwapo Jumamosi nyingine.”

Siku ile wavulana waliokuja walipita arobaini. Uwanja wa shule ulikuwa wa udongo mwekundu, mgumu kama tofali, kwa maana mvua zilikuwa bado kuanza vizuri. Mwalimu alichora mistari kwa majivu. Mpira ulikuwa mpira wa kweli, uliojaa upepo, na kila mtu alitaka kuugusa tu, hata bila kuupiga.

Kwanza mwalimu aliwaambia wazunguke uwanja mara tano. Kijana alitoka mbele ya wote. Miguu yake ilikuwa na nguvu kupita miguu ya wenzake, kwa sababu ilizoea kupanda kilima na gunia. Mzunguko wa kwanza aliongoza, na wa pili aliongoza. Katika wa tatu kifua kilianza kulia kama mvukuto wa mhunzi. Katika wa nne wavulana wa mwaka wa tano walimpita, mmoja, wawili, watano. Wa tano aliumaliza akitembea, mikono kiunoni, akikohoa. Mvulana mmoja akasema, “Gunia limetoboka!” Wengi wakacheka. Mwalimu hakucheka, lakini aliandika kitu katika karatasi yake, na kijana aliona kwamba ameandika.

Halafu kila mmoja alipewa mpira auendeshe kati ya mawe manne, kisha apige langoni. Hapa ndipo alipoaibika zaidi. Miguu iliyosahau mpira ni kama ulimi uliosahau lugha, maneno yanakuja lakini si kwa mpango wake. Mpira wa plastiki wa utotoni ulikuwa mzito, ukipigwa kidogo ulikwenda kidogo. Huu ulikimbia. Aligusa, ukaenda mbali. Alifuata, akaugonga kwa goti. Alipofika kupiga, alipiga kwa nguvu zote za miaka mitatu, na mpira ukapita juu ya lango, juu ya ukuta, ukaanguka katika shamba la mahindi la watu. Mchezo ulisimama mpaka watoto wawili walipourudisha. Mwenye shamba naye alikuja na maneno yake.

Mtu angefikiri kijana aondoke wakati huo. Yeye mwenyewe alifikiri hivyo. Alitazama lango la shule, na nyuma yake njia inayokwenda mtoni. Saa zilikuwa bado chache, na angepata nusu gunia.

Alikaa kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kugawa timu mbili, na jina lake lilikuwa limesomwa.

Alikwenda kusimama mbele, mahali pake pa zamani. Lakini mahali pale palitaka mtoto mwepesi wa miaka 9, na mtoto yule hakuwapo tena. Kila mpira ulipokuja, alifika baada yake. Mara mbili mwalimu alipiga filimbi kwamba ameotea. Hakuelewa. Zamani katika mpira wa njiani hapakuwa na sheria ya kuotea, kila mtu alisimama alipopenda. Dakika kama ishirini zilipopita mwalimu alimwita, akamwambia kwa sauti ndogo, “Nenda nyuma. Simama mbele ya kipa. Usiufuate mpira, ungoje uje.”

Kungoja alijua. Kuosha mawe ni kazi ya kungoja na kutazama. Upande wa pili kulikuwa na mshambuliaji wa mwaka wa sita, mrefu, mwenye chenga nyingi, na wote walimwogopa. Alikuja mbio, akapindisha mwili kulia. Kijana hakutazama mwili, alitazama mpira. Mvulana yule akamgonga bega, akaanguka yeye. Mpira ukabaki. Kijana aliupiga mbali, bila uzuri wo wote, lakini kwa upande wake. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu yule mrefu alipita, akafunga, kwa sababu hodari hujifunza haraka. Kijana alishika kichwa. Kipa wake, kitoto cha mwaka wa nne, akamwambia, “Si kitu. Rudi mahali pako.”

Mchezo ulipokwisha mwalimu aliwakalisha kivulini, akasoma majina. Yule mrefu alikuwa wa kwanza. Kila aliyesikia jina lake aliruka, na mmoja aliruka kama Kidiaba. Yakasomwa majina 14. Karatasi ikakunjwa. Wasioitwa walisimama kwenda, na kijana pamoja nao. Mwalimu akamwita.

“Nafasi moja imebaki. Kifua chako hakina pumzi, na mpira umekusahau. Lakini unasimama. Nitakupa nafasi hiyo ukija kila Jumamosi asubuhi. Jumamosi moja ukikosa bila ugonjwa, nitamwita mwingine. Umesikia?”

“Nimesikia, Mwalimu.”

“Waulize wazazi kwanza.”

Mwalimu alijua alichouliza. Kolwezi nzima inajua Jumamosi ya mtoto maskini inakwenda wapi.

Nyumbani mama alikuwa akisonga bukari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka. Kisha akahesabu kwa sauti: mafuta, sabuni, daftari mbili, makala. Hakumkemea mtu. Alihesabu tu. Basi yule dada mdogo, aliyekuwa na miaka 8, akasema kwa furaha, kama aliyepata jibu la hesabu darasani, “Nitakwenda mimi. Yaya acheze, mimi nitaosha mawe. Najua mahali.”

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kijana alitazama miguu ya dada yake, akakumbuka maji ya asubuhi, na mzani, na wanaume wanaopiga kelele. Akasema, “Basi sichezi.”

Mama akaweka mwiko chini. “La,” akasema. “Wewe hutakwenda mtoni, na huyu hatakwenda. Mafuta tutapunguza. Sombe huiva hata kwa maji na chumvi.” Kambo akaongeza kwamba yeye ana mikono bado, na kwamba katika mtaa kuna wajane wengi ambao hawana mtu wa kuwabebea mahindi kinuni na kuwarudishia unga. Kazi hiyo kijana angeweza kuifanya alasiri, baada ya mpira, na mzigo wa mahindi hauna vumbi la kobalti. Malipo yalikuwa madogo. Mwezi ule wa kwanza walikula sombe bila mafuta mara nyingi, na hakuna aliyeifurahia.

Kila Jumamosi alikuja. Alikimbia nyuma ya wote, lakini mwezi wa Desemba alimaliza mizunguko mitano bila kutembea. Sheria ya kuotea alifundishwa na yule mvulana mrefu, kwa kokoto zilizopangwa chini. Jina la Gunia lilibaki, ila sasa wenzake walilipiga kelele walipotaka mpira uondolewe langoni, “Gunia! Gunia!” na kulisikia hivyo ni jambo jingine.

Katika mchezo wa kwanza na shule nyingine alikaa kwenye benchi mpaka mwisho. Katika wa pili vile vile. Katika wa tatu, mlinzi mmoja alipochomwa na mwiba, aliingia dakika kumi za mwisho. Shule yake ilikuwa mbele bao 1 kwa 0, na iliondoka hivyo. Aligusa mpira mara nne. Kambo alikuja kutazama, akasimama jua lote akiegemea fimbo, na jioni aliwasimulia majirani kama mtu aliyeona fainali ya Abu Dhabi.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliingia Kongo, na shule zote zikafungwa. Uwanja ulikaa mtupu, na nyasi zikaota katika mistari ya majivu. Miezi ile ilikuwa mirefu. Watoto wengi waliorudi shuleni mwaka uliotangulia walirudi mtoni, na si ajabu, kwa sababu njaa haikufungwa pamoja na shule. Kijana aliendelea kubeba mahindi. Yule mvulana mrefu mwenye chenga alimwona akipita, akamwambia kwamba yeye sasa anakwenda kwenye mawe, na kwamba pesa ni nzuri kuliko ya kinuni. Alisema kweli, ilikuwa nzuri kuliko ya kinuni. Kijana akamwuliza, “Na mpira?” Mrefu akacheka, hakujibu.

Oktoba shule zilifunguliwa. Jumamosi ya kwanza mwalimu alikuja na mpira wake chini ya kwapa, akahesabu waliobaki. Wa mwaka wa sita walikwisha kuhitimu, na kati ya wengine watatu hawakuonekana. Kijana alikuwapo, amerefuka, na suruali yake haikufika tena kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu akamtuma atafute majivu ya kuchora mistari. Alipokuwa akichora upande wa lango, mvulana wa mwaka wa nne, mgeni, mwenye miguu iliyochanika kwa maji na mawe, alisimama kando ya uwanja akitazama. Kijana aliijua miguu ya namna hiyo. Akamwuliza kama anajua kucheza.

“Zamani,” akasema yule mtoto.

Kijana akampa debe la majivu ashike upande mmoja.